Tiara Mbovu, au Minazi ya Wambaa?

Tiara ya mtoto, ile ya karatasi na chelewa, ina uzi mmoja. Ikishapanda, kazi yako ni kushika tu. Ya nyuzi mbili ni habari nyingine. Kubwa zake hufika mita 2.4 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, nyuzi zake mita 30 hivi, nawe unaiendesha: vuta mkono wa kushoto, inageuka kushoto.

Kinachowashtua wengi ni nguvu yake. Tuseme upepo ni mita 5 kwa sekunde na kitambaa kina mita 1 ya mraba. Ikiwa imetulia angani, unavutwa kama kwa kilo moja na nusu. Ikianza kukata upepo kwa ubavu, mwendo wake wenyewe unaiongezea upepo. Ikihisi mita 15 kwa sekunde, yaani mara tatu, nguvu haiwi mara tatu bali mara tisa, kwa kuwa hukua kwa mraba wa kasi. Hapo ni karibu kilo 14, theluthi mbili ya dumu la lita 20 lililojaa. Si mchezo! Ndiyo maana usizungushie uzi kiganjani hata siku moja.

Sasa, utajuaje kama tiara yako ni nzima? Ipandishe wima huku mikono yote miwili iko sawa. Ikivutia upande mmoja, ishushe, badilisha nyuzi: wa kulia ufunge kushoto, wa kushoto kulia. Kosa likihamia upande wa pili, nyuzi hazilingani urefu. Likibaki palepale, tatizo liko kwenye tiara yenyewe, kwenye fito au kamba fupi za hatamu.

Mimi nilifanya hayo yote Wambaa, wakati wa kusi. Mara ikavuta kulia, mara kushoto, mara ikadondoka kama embe. Nikaandika daftarini: "Mbovu." Nilikosea.

Wambaa iko magharibi ya Pemba, na kusi huifikia baada ya kupita juu ya vilima, mikarafuu na minazi. Nyuma ya miti upepo huvurugika na kuzunguka, na vurugu hiyo huweza kufika mbali mara kumi ya urefu wa miti au zaidi. Minazi ya mita 15 inakuharibia mita 150 nzima! Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwenye vivuli vyake.

Dawa ni bamvua. Maji yakitoka, nenda nje kadiri mchanga unavyokuruhusu, mbali na ngalawa na watu, geuza mgongo kwenye upepo, ndipo upime. Nilipofanya hivyo, tiara ileile ilipanda wima bila kuyumba. Nikafuta lile neno, nikaanza kupima upya tangu mwanzo, mpaka maji yaliponifikia magotini.