Mswaki wa Umeme na Meno ya Askari

Askari anayeteremka kutoka Makao Makuu ya Polisi ya Naguru siku ya mshahara huweza kukuta katika maduka makubwa ya Kampala kitu ambacho baba yake hakukijua: mswaki unaozunguka wenyewe kwa nguvu za umeme. Kasha lake linapendeza, na maandishi yaliyo juu yake yanaahidi meno meupe na fizi zenye afya. Bei yake yaweza kulingana na ile ya miswaki ya kawaida ambayo jamaa nzima ingeitumia kwa muda mrefu. Je, chombo hiki kina thamani ya fedha hizo?

Yafaa kwanza ikumbukwe kwamba kwa watu wa silaha meno hayakuwa kamwe jambo la urembo. Uingereza ilipopeleka majeshi yake Afrika Kusini katika vita vya mwaka 1899 hadi 1902, askari wengi walitolewa vitani, si kwa risasi, bali kwa meno mabovu yaliyoshindwa kutafuna biskuti ngumu na nyama ya mkebe. Kikosi maalumu cha madaktari wa meno wa jeshi hilo hakikuundwa hata mwaka 1921. Nayo Marekani, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili, ilimtaka kila kijana aliyeandikishwa awe na meno yasiyopungua 12 yanayokutana, juu na chini. Na waliokataliwa kwa sababu hiyo walikuwa wengi mno, hata sharti hilo likabidi lilegezwe mwaka 1942. Askari mwenye jino linalouma hulala vibaya, hula vibaya, na hulinda vibaya.

Adui mwenyewe ni ukoga, yaani ule utando laini unaojijenga juu ya meno kila siku. Ndani yake huishi vijidudu vinavyokula sukari tunayoila, na kutokana na sukari hiyo hutoa asidi inayomomonyoa gamba gumu la jino mpaka likatoboka. Ukoga ukiachwa kando ya ufizi, ufizi huvimba na kutoka damu, na baada ya miaka mingi jino hulegea na kung'oka hata kama halikuoza. Kazi ya mswaki, uwe wa aina gani, ni kuuondoa utando huo kabla haujaganda.

Katika kazi hiyo, hapana budi tuseme ukweli: mswaki wa umeme umeshinda. Mwaka 2014 wataalamu wa shirika la Cochrane, ambao kazi yao ni kupima ushahidi wa tiba, walichapisha uchunguzi uliojumlisha matokeo ya majaribio 51 yaliyohusu watu 4,624. Waliotumia mswaki wa umeme walionekana kuwa na ukoga pungufu kwa asilimia 11 katika miezi mitatu ya kwanza, na kwa asilimia 21 baada ya hapo. Uvimbe wa fizi ulipungua kwa asilimia 6, kisha kwa asilimia 11. Ushahidi mwingi ulihusu ile miswaki ambayo kichwa chake huzunguka nusu mzunguko na kurudi.

Hata hivyo, wataalamu hao hao walisema kwamba haikuwa wazi tofauti hiyo ina uzito gani kwa afya ya kinywa kwa muda mrefu. Asilimia 11 ya uvimbe wa fizi si kitu cha kudharau, lakini si tofauti kati ya kubaki na meno na kuwa kibogoyo. Tena, sehemu ya ushindi huo, kwa maoni yetu, hutokana na jambo lisilohitaji umeme. Mingi ya miswaki hii ina saa ndani yake inayomwarifu mtumiaji kwamba dakika mbili zimekwisha. Askari anayewahi paredi ya alfajiri hupiga mswaki kwa nusu dakika, na kwa nguvu kana kwamba anang'arisha buti la gwaride. Jino si buti. Nguvu hiyo huumiza ufizi na kuuacha ukoga palepale penye pembe. Mswaki laini, ukielekezwa kwa mshazari pale jino linapokutana na ufizi, ukisogezwa kidogo kidogo, nje, ndani na juu, kwa dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, hufanya kazi nzuri mkononi mwa mtu mwenye subira.

Lakini liko jambo kubwa kuliko mswaki wenyewe, nalo ni dawa ya meno yenye floraidi. Madini haya hurudisha uimara wa gamba la jino lililoanza kumomonyoka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno ya namna hii katika orodha yake ya dawa muhimu, na kipimo kinachopendekezwa ni sehemu 1,000 hadi 1,500 za floraidi katika kila sehemu milioni. Kipimo hicho huandikwa kwenye boksi au ubavuni mwa tyubu. Afadhali kusoma hapo kuliko kusoma ahadi za kasha la mswaki. Baada ya kupiga mswaki, tema povu, wala usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kazini.

Tena iko sukari. Afande anayelinda lango usiku kucha, akinywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari kila baada ya saa moja, na kusindikiza kwa soda, huyaweka meno yake katika asidi tangu jioni hadi macheo. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa mara nyingi na sukari ya gramu 30 hivi. Kinachodhuru zaidi si wingi wa sukari kwa mara moja tu, bali kule kurudia rudia, kwa kuwa mate hayapati nafasi ya kuisafisha asidi. Hakuna mswaki wa bei yoyote utakaoshinda lindo la namna hiyo.

Tutazame na hali ya makao. Wengi wanawakumbuka askari wa Naguru na Nsambya walioishi katika vile vibanda vya mabati vya mviringo, na hata katika chumba kilicho bora zaidi soketi moja hugombaniwa na simu, pasi ya kunyoosha sare na redio hii mnayoisikiliza. Kichwa cha mswaki wa umeme hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na kila mtu lazima awe na chake. Jamaa ya watu sita huhitaji vichwa 24 kwa mwaka. Ofisa mwenye uwezo na anunue, hatutamlaumu. Lakini kuchukua mkopo wa ushirika kwa ajili hiyo, hapana.

Na aliye mbali na umeme hajaachwa mikono mitupu. Neno mswaki lenyewe lilikuwa jina la kijiti kabla ya kuwa jina la plastiki. Vijana wetu waliotumikia Somalia tangu mwaka 2007 wamewaona wenyeji wakisugua meno kwa vijiti vya mti huo, na Shirika la Afya Duniani limewahi kuunga mkono matumizi yake mahali ambapo ni desturi. Kijiti husafisha vizuri kikitumiwa kwa uangalifu, ila hakifiki kirahisi upande wa ndani wa magego, na hakina floraidi ya kutosha.

Liko kundi moja ambalo kwalo tungesema nunua bila kusita: mpiganaji aliyepoteza vidole au mkono, aliyepooza upande mmoja, au mzee ambaye mikono yake hutetemeka. Kwa hao injini ndogo hufanya kile ambacho kiganja hakiwezi tena, na mke au mtoto anayemsaidia hupata wepesi. Wakuu wanaosimamia askari waliojeruhiwa wangeweza kulifikiria jambo hili, kwani gharama yake kwa kila mtu ni ndogo ikilinganishwa na meno bandia.

Kwa wengine, fedha zilizokusudiwa mswaki huo zina kazi nyingine ya haraka. Ukoga uliokwisha kuganda na kuwa mgumu kama jiwe hauondoki kwa mswaki wa mkono, wala wa umeme, wala wa mti. Huondolewa na mtaalamu wa meno kwa vyombo vyake, na hospitali ya rufaa iliyofunguliwa Naguru mwaka 2012 iko karibu na kambi. Mwenye fizi zinazotoka damu kila asubuhi aanzie huko, kabla hajafika dukani.