Kobe hukua, boma halikui

Huanza kwa karai. Mtoto aliyetumwa kukata majani ya mbuzi pembezoni mwa Kayanga, au bondeni karibu na Mto Kagera upande wa Kyerwa, hukuta kobe asiyezidi kiganja chake, akamleta nyumbani. Kobe hutiwa karaini, hupewa mchicha, na nyumba nzima hufurahi. Hakuna aulizaye atakuwa na ukubwa gani baada ya miaka kumi na mitano.

Kobe mwenye madoa, aliyeenea katika nyika za Afrika Mashariki, huanguliwa akiwa na urefu wa sentimita 5 hivi. Akikomaa hufikia sentimita 40 au karibu yake, na uzito wa kilo 15 na zaidi. Naye aweza kuishi miaka 50 na kuipita. Wako pia wadogo wasio na makuu hayo. Mmoja wao, ambaye nyuma ya gamba lake hujifunga mithili ya bawaba, jina lake la kitaalamu limetokana na John Hanning Speke, yule Mwingereza aliyepokewa na Mukama Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861. Huyo hazidi sana sentimita 20. Wakiwa wachanga si rahisi kwa mtoto kuwatofautisha.

Kabla ya boma, ndugu msomaji, kuna sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa, na kobe ni mnyamapori kama swala. Wilaya zetu mbili zimepakana na hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizopandishwa hadhi mwaka 2019. Kobe aliyeokotwa huko hana hukumu ya kuku aliyepotea. Akionekana njiani, aachwe aende zake. Ikiwa amekwisha kufika nyumbani, mzazi amwendee afisa wanyamapori wa halmashauri. Asimtupe porini kimyakimya, kwani kobe aliyekaa kifungoni aweza kuwapelekea wenzake maradhi.

Ugumu wa kumhifadhi kobe mkubwa umeonekana katika nchi yetu hii hii, kisiwani Changuu, karibu na mji wa Zanzibar. Mwaka 1919 Gavana wa Seychelles alipeleka huko zawadi ya kobe wanne wa Aldabra, jamii ambayo dume lake hupita kilo 200. Walizaana, na kufikia mwaka 1955 walikuwa wapatao 200. Kisha wakaanza kuibwa, wengine kwa kuuzwa nje, wengine kwa kitoweo. Mwaka 1996 walibaki saba. Makinda 80 yakaletwa kuongeza idadi, na 40 kati yake yakatoweka. Ndipo Serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa shirika la kimataifa la kutetea wanyama, ikajenga boma kubwa, na idadi ikaanza kurejea. Bahari peke yake haikutosha kuwa ukuta.

Kwa mwenye kibali, basi, boma lipimwe kwa kobe atakayekuwa, si kwa huyu wa leo. Kosa linalorudiwa mno ni senyenge. Kobe akiona nje, huamini kwamba kuna njia. Atausukuma wavu mchana kutwa, ataingiza kichwa, atajichubua, na mwishowe ataupinda. Ukuta usiopenyeka macho humtuliza. Tofali za kuchoma au mawe hufaa. Tofali mbichi huliwa na mvua zetu za masika na vuli, na gamba humalizia. Msingi uzame kiasi cha sentimita 30, maana kobe huchimba. Kimo kiwe angalau mara moja na nusu ya urefu wa gamba lake akiwa mkubwa, na pembe zizibwe kwa juu au zijengwe kwa mviringo. Penye pembe ndipo apandapo, akapinduka chali. Na aliyepinduka juani, asipoonekana mapema, hufa.

Ndani pawe na jua, kivuli, na beseni la maji ya kina kifupi. Karagwe ni nyanda za juu, na usiku huwa baridi. Kibanda kiinuliwe juu ya ardhi yenye maji, kitandikwe nyasi kavu, na mlango usielekee upepo. Baridi iliyochanganyika na unyevu humletea mafua na maradhi ya kifua. Chakula chake ni nyasi na magugu. Ugali, maharage na makombo ya mezani hulikuza gamba vibaya, likawa na vichuguu. Majani ya shamba la kahawa lililopuliziwa dawa yasimkaribie. Watoto nao wanawe mikono kwa sabuni kila wamshikapo, kwa sababu kobe hubeba vijidudu vya kuharisha.

Wako wanaotoboa gamba ili kumfunga kamba, wakidhani ni kama ukucha. Gamba ni mfupa hai, na uti wa mgongo umeungana nalo. Kulitoboa ni kumjeruhi.

Wazazi huuliza kama kufuga kwa furaha ya mtoto kunafaa. Wanazuoni hutaja kisa cha Abu Umair, ndugu yake Anas bin Malik, aliyekuwa na kijindege chake, na Mtume (S.A.W.) akamuuliza habari zake kwa upole. Lakini hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie, nayo ni sahihi. Na mateso yake yalikuwa katika kule kufungiwa. Anayefuga asome zote mbili.

Limebaki jambo moja ambalo fundi wa ukuta halimhusu. Mtu wa miaka 45 anayepewa kibali leo huenda akatangulia mbele ya haki na kumwacha kobe akiwa bado kijana. Awaulize wanawe sasa ni nani kati yao atakayemtunza, na jina hilo alifikishe mapema kwa ofisi iliyompa kibali.