Gemu Linakwamia Wapi: Chumbani au Mnarani?

Kijana wa Mpale, kwenye milima ya Usambara, akisema waifai yake ni nzito, malalamiko yake ni ya kweli, ila mara nyingi lawama zimemwangukia asiyehusika. Waifai ni kipande kifupi tu cha safari, mita tano au kumi kati ya kompyuta na ruta. Kutoka hapo inaanza redio nyingine, ya laini ya simu iliyomo ndani ya ruta hadi kwenye mnara. Kisha inakuja mikongo ya nchi kavu, halafu nyaya za chini ya bahari, mpaka kwenye seva ya gemu ambayo karibu kila mara iko nje ya Tanzania. Asiyejua ugonjwa uko kwenye kipande gani atanunua ruta mpya kwa fedha nyingi na gemu litaendelea kukwama vilevile.

Kupima ni bure. Kwenye kompyuta ya Windows andika cmd katika sehemu ya kutafutia, fungua dirisha jeusi linalotokea, andika ipconfig, kisha tafuta namba iliyo mbele ya maneno Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako. Kwa ruta nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Sasa andika ping 192.168.8.1 -n 100, ukiweka anwani yako mwenyewe. Kompyuta itatuma ujumbe mdogo mara mia moja na kuandika kila mmoja umetumia milisekunde ngapi kwenda na kurudi. Ukiona 2, 3, 2, 4, 2 hadi mwisho, waifai yako ni nzima, usiiguse. Ukiona 3, 2, 187, 4, 340, na katikati mistari inayosema Request timed out, basi tatizo liko humo humo ndani. Rudia kipimo kwa anwani 8.8.8.8 ya Google, iliyo nje ya nyumba yako. Kama cha kwanza kilikuwa safi na hiki kinarukaruka, achana na waifai, anza kufikiria mnara.

Tazama namba zinavyopishana, usiridhike na wastani ulioandikwa chini. Gemu la kupambana mtandaoni hutumia data kidogo sana, kwa kawaida chini ya megabiti moja kwa sekunde. Linachodai ni ujumbe kufika kwa muda uleule kila mara. Ndiyo maana mwenye megabiti tatu zilizotulia anaweza kumshinda mwenye hamsini zinazoyumba. Kasi kubwa inahitajika wakati wa kupakua, maana Call of Duty peke yake inaweza kupita gigabaiti 100, na hapo bando ndilo linalolia.

Tuseme kipimo kimeonyesha tatizo ni la chumbani. Geuza kompyuta ya mezani utazame nyuma. Kama ina waifai ya ndani, utaona vichwa viwili vidogo vya rangi ya dhahabu vyenye nyuzi za skrubu. Hapo ndipo antena hufungwa, na kompyuta nyingi za mtumba huuzwa antena zikiwa zimeshapotea. Bila antena kompyuta bado itaiona ruta, tena itaonyesha vistari viwili vitatu vya mawimbi, na mwenye nayo ataamini kila kitu kiko sawa. Antena mbili hugharimu kidogo kuliko ruta mpya na huleta nafuu kubwa zaidi.

Wanaotumia kidude cha waifai cha kuchomeka kwenye USB wana shida inayofanana nayo. Kikichomekwa nyuma, boksi la chuma linasimama kati yake na ruta. Kikikaa kando ya tundu la USB 3 lenye hadidiski ya nje, mambo huharibika zaidi: kampuni ya Intel ilichapisha mwaka 2012 maelezo yanayoonyesha kwamba vifaa vya USB 3 hutoa kelele za redio kwenye masafa yale yale ya gigahazi 2.4 yanayotumiwa na waifai. Waya mfupi wa kurefushia USB, wa kukiweka kidude juu ya meza, unatosha.

Kuhusu masafa, nina shaka na ushauri unaorudiwa kila mahali kwamba kila mtu ahamie gigahazi 5. Kwenye maghorofa ya Kariakoo, ambako ruta za majirani zinagombania chaneli chache za 2.4, ushauri huo ni sahihi. Mpale nyumba zimeachana, majirani wenye ruta ni wachache, na masafa ya 2.4 hupenya kuta za matofali vizuri zaidi. Kama ruta na kompyuta viko chumba kimoja, tumia 5. Kama kuna kuta mbili katikati, baki kwenye 2.4, chagua chaneli ya 1, 6 au 11, weka upana wa megahazi 20, kisha pima tena. Bora kuliko yote ni waya. Ruta ikiwa na tundu la waya wa mtandao, utumie. Ikiwa ni ile ndogo ya mfukoni isiyo na tundu, iunganishe kwa waya wa USB kama inakubali, au tumia simu kwa njia hiyo hiyo. Waifai itakuwa imeondoka kabisa njiani.

Umeme nao una mkono wake. Mpale ina gridi ndogo ya umeme wa jua iliyojengwa na kampuni ya Ensol, na mtu anayeishi kwa umeme wa jua huzoea kubana matumizi. Laptopu ikichezewa kwa betri, Windows hupunguza nguvu ya kifaa cha waifai, nacho huanza kusinzia kwa vipande vya sekunde. Kwenye pingi, yaani kile kipimo cha ping, utaona namba zikipanda kila baada ya muda fulani, kisha zikitulia. Ingia kwenye mipangilio ya nguvu, weka kifaa cha waifai kwenye utendaji wa juu kabisa, au chomeka chaja kabla ya mechi.

Halafu kagua waliomo nyumbani. Simu moja ikianza kupandisha picha na video kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni, foleni hujengeka ndani ya ruta na pingi inaweza kutoka 60 hadi 600. Windows yenyewe hufanya hivyo ikijisasisha. Iambie kwamba mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo, itapunguza kupakua yenyewe.

Bahari haitibiki. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 ya waya huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Seva ya Ulaya haiwezi kukupa pingi ya 40 hata ukae chini ya mnara. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, Tanzania nzima ilihisi uzito. Dota 2 na Counter-Strike zina seva Johannesburg. Zijaribu, ila pima kwanza, maana aliye jirani kwenye ramani si lazima awe jirani kwa njia ya nyaya.

Mnara nimeuacha mwisho kwa sababu hapo ndipo Mpale inapotofautiana na mabondeni. Sehemu za tambarare za Handeni, mnara mmoja unaweza kuonekana kutoka mbali. Kwenye milima ya Usambara, tuta moja tu likisimama kati yako na mnara linatosha kukunyima mawimbi, huku nyumba ya jirani aliye juu kidogo ikiyapata vizuri. Fungua ukurasa wa ruta kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari, tafuta RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara, na SINR, yaani usafi wa mawimbi hayo dhidi ya kelele. RSRP ya -85 ni nzuri, -110 ni dhaifu. SINR ikizidi 15 shangilia. Ikiwa chini ya sifuri, mnara unausikia lakini katikati ya makelele. Sogeza ruta dirishani, upande mwingine, juu ya kabati, ukisoma namba hizo kila mara. Usiifungie chini ya bati. Ruta ikiwa na matundu ya antena ya nje, antena ya juu ya nguzo iliyoelekezwa mnarani hufanya kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote utakachonunua.

Kisha pima pingi saa kumi alfajiri na saa tatu usiku. Alfajiri ikiwa tulivu na usiku ikichafuka wakati RSRP haijabadilika, mnara umeelemewa na watu, na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaousaidia. Hapo piga simu kwa mtoa huduma ukiwa na namba zako mkononi: pingi ya ruta, pingi ya nje kwa saa zote mbili, RSRP, SINR na jina la kitongoji. Mhudumu atakuambia uzime na kuwasha ruta. Mwambie pingi ya ruta ni 2, na uombe malalamiko yaandikwe na kupewa namba ya kumbukumbu. Bila namba hiyo, ukija kulifikisha suala kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) utakuwa huna pa kuanzia.