Utepe mwembamba unaookoa kabati lisivimbe

Na Mwandishi Wetu, Kigali

UNAPOHAMIA nyumba mpya Busanza, kitu cha kwanza unachokosa si kitanda wala meza. Ni mahali pa kuweka vitu. Sufuria ziko sakafuni, nguo ziko kwenye mabegi, na vitabu vya watoto vimerundikwa juu ya katoni zilizosafiri nawe.

Busanza iko Kanombe, wilayani Kicukiro, upande wa uwanja wa ndege. Huko ndiko zilikojengwa ghorofa za familia zilizohamishwa kati ya 2019 na 2022 kutoka Kangondo na Kibiraro, Nyarutarama. Lakini iwe umetoka Nyarutarama, Bukoba, Kampala au Bujumbura, shida ni ile ile. Chumba ni kidogo, na kabati la mninga, mvule au libuyu kutoka Kongo ni zito na bei yake si ya mtu anayeanza maisha upya.

Ndipo wengi hukimbilia mbao za kiwandani: MDF, chipubodi na plaiwudi. Ubao mmoja mkubwa una upana wa sentimita 122 na urefu wa sentimita 244, na fundi mwenye hesabu nzuri hutoa humo rafu kadhaa. Kabati linapendeza siku linapoletwa. Baada ya msimu mmoja wa mvua, mlango haufungi na rafu imevimba pembeni kama mkate.

Tatizo liko ukingoni

Wengi humlaumu fundi kwa ubao mbaya. Mara nyingi ubao hauna kosa. Kosa ni ukingo ulioachwa wazi.

Uso wa ubao wa kiwandani umebanwa na mara nyingi umefunikwa, hivyo maji huchelewa kupenya. Msumeno unapopita, pale ulipokatwa panabaki vumbi la mbao lililoshikwa na gundi, lenye vitundu visivyohesabika. Hapo maji ya deki, mvuke wa chungu na unyevu wa ukuta huingia kwa urahisi. MDF na chipubodi zikishavimba hazirudi tena. Aidha, mbao nyingi za aina hii hutengenezwa kwa gundi yenye fomaldehaidi, kemikali inayowasha macho na koo, na ukingo ulio wazi hutoa hewa hiyo zaidi kuliko uso uliofunikwa.

Kwa hiyo kuziba ukingo si urembo tu. Ni kulinda fedha yako na pumzi ya watoto wako.

Utepe wa kubandua na kubandika

Viwanda vikubwa hubandika ukingo kwa mashine ya gundi ya moto. Mafundi wengine hutumia utepe unaoshikishwa kwa pasi. Upo pia utepe wa vinia, yaani mbao halisi iliyochanwa nyembamba sana, wenye gundi tayari mgongoni na karatasi ya kubandua. Huu hauhitaji umeme, pasi wala gundi ya kopo.

Jambo hilo la mwisho si dogo. Gundi ya mpira, ile wanayotumia pia mafundi viatu, hutoa mvuke unaoshika moto haraka, na kwenye karakana iliyojaa maranda ni hatari. Agakiriro ka Gisozi, soko kubwa la mafundi seremala hapa Kigali, limeungua zaidi ya mara moja.

Hata hivyo, urahisi wa utepe huu ndio unaowaponza watu. Wanaubandua na kuubandika juu ya vumbi, na baada ya mwezi unaning'inia.

Namna ya kuubandika

Kwanza, pima. Ubao wa milimita 18 hutakiwa utepe wa milimita 22, ili zibaki milimita mbili kila upande za kukata. Rafu ya sentimita 80 kwa 30, inayoonekana mbele na ubavuni, inahitaji sentimita 140. Rafu nne ni mita 5.6. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya mabaki, utafika kama mita 6.2. Rola ndogo ya futi 25, yaani mita 7.6, inatosha.

Pili, andaa ukingo. Piga msasa namba 120, kisha 150. Ziba mashimo. Kwenye MDF na chipubodi paka tabaka jembamba la vanishi au gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji, acha likauke kabisa, kisha pitisha msasa kidogo. Bila hivyo unabandika kwenye vumbi, si kwenye ubao. Mwisho futa kwa kitambaa kikavu. Kuanzia Juni hadi Agosti, vumbi jekundu linapotimka, funga dirisha kwanza.

Tatu, chagua saa. Gundi hii hupenda joto la wastani. Asubuhi ya Kigali ina baridi, na utepe uliolala sakafuni usiku kucha hushika vibaya. Subiri jua lipande.

Nne, anza na kingo fupi za ubavuni, malizia na ya mbele, ili utepe wa mbele ufunike miisho ya ile mingine. Bandua karatasi kidogo kidogo, kama shibiri moja kwa wakati. Usiuvute utepe, utakuja kurudi nyuma na kuacha pengo.

Tano, kandamiza. Gundi ya aina hii huamshwa kwa nguvu, si kwa kuguswa tu. Tumia kipande cha mbao kilichozungushiwa kitambaa, ukipitishe kwa uzito wa mwili kutoka mwanzo hadi mwisho, mara kadhaa.

Sita, kata kilichozidi kwa kisu kikali, ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao, kisha lainisha pembe kwa msasa namba 180 ukiwa umeulaza kidogo. Iache siku moja au mbili gundi ikomae, ndipo upake vanishi kwa tabaka nyembamba. Vanishi nyingi kwa mpigo mmoja hupenya vinia na kulegeza gundi.

Usiutumie kila mahali. Kandokando ya sinki na karibu na jiko la mkaa au la gesi utaachia. Hapo mwambie fundi agongee kipande cha mbao ngumu kwa gundi ya mbao, au, kandokando ya sinki tu, atumie utepe wa plastiki kwa gundi ya moto.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani

Kwa anayepita Rusumo, Gatuna au Kagitumba, rola hizi ni mzigo mwepesi usiooza. Lakini zinazeeka. Kabla ya kulipa, bandua urefu wa kidole, bandika kwenye kipande cha ubao, kandamiza, kisha vuta. Ikiachia bila ubishi, gundi imekufa. Ukikunja vinia nayo ikapasuka, imekauka mno. Usizipange chini ya mizigo mizito wala kuziacha kwenye buti la gari juani.

Forodha nayo ina mambo yake. Tangu Julai 2022, ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una kiwango cha juu cha asilimia 35, na samani kutoka nje ya Jumuiya zimo humo. Ndiyo maana kabati lililotengenezwa hapa lina nafasi sokoni. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, zina cheti rahisi cha uasili kinachopatikana mpakani. Lakini utepe wa China hauwi wa Jumuiya kwa sababu tu ulinunuliwa Kariakoo. Anayehama makazi naye ana nafuu kwa vyombo vyake vilivyokwishatumika. Rola hamsini mpya si vyombo vya nyumbani.

Kumbuka pia vifungashio. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na sheria ya 2019 ikaongeza plastiki za kutumika mara moja. Mwombe muuzaji afunge kwa katoni au karatasi.

Zaidi ya yote, mweleze mnunuzi ukweli. Mwambie pa kuutumia na pasipofaa, na umfundishe kuandaa ukingo. Mama aliyenunua rola kwako akaona kabati lake limesimama baada ya mvua za Aprili atakuletea jirani wa ghorofa nzima. Yule ambaye utepe wake umening'inia naye ana majirani, na atawaambia.