Maneno ya Kumwangalia kwa Damu Mgonjwa wa Mzio wa Kuvu Baada ya Kupasuliwa

Makusudi ya makala hii ni kuyatazama maneno machache ya Kiswahili yatumikayo, au yafaayo kutumika, katika jambo moja la utabibu: kumwangalia kwa vipimo vya damu mgonjwa aliyepasuliwa kwa ajili ya mzio wa kuvu katika sainasi. Huenda msomaji akauliza mwanaisimu ana kazi gani na pua na damu. Jibu ni kwamba mgonjwa huyu hupewa tarakimu muda wa miezi na miaka. Atakalolitenda baada ya kuzipata, kama ni kurudi kwa daktari ama kuacha dawa, hutegemea sana maneno aliyoelezwa nayo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Sainasi ni vishimo vyenye hewa ndani ya mifupa ya uso, navyo vimeungana na pua kwa vinjia vyembamba. Mbegu za kuvu huelea hewani kila mahali, na watu wengi huzivuta pasipo kudhurika. Lakini kwa wachache mwili huzipokea kama adui: utando wa pua huvimba, vinyama huota, na vishimo hujaa ute mzito wenye kunata, ambao ndani yake mna wingi wa chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili. Kuvu hukaa katika ute huo, wala hazipenyi nyama ya mwili. Katika mwaka 1994 madaktari Bent na Kuhn wa Marekani walitoa masharti matano ya kuutambua ugonjwa huu, nayo yangali yakitumika.

Kupasua huondoa ute na vinyama na kufungua njia, lakini hakuuondoi mzio. Kwa hiyo ugonjwa hurudi mara nyingi, pengine baada ya miaka. Daktari huchungulia pua kwa mrija wenye taa. Tena aweza kupima katika damu idadi ya eosinofili na wingi wa imunoglobulini E, kingamwili ya mzio iliyotambuliwa na Kimishige na Teruko Ishizaka mwaka 1966.

Sasa tuyatazame maneno. *Mzio* katika Kiswahili cha zamani ni kitu ambacho mtu hujiepusha nacho, hasa chakula, mtu aliweza kusema, "Pweza ni mzio wangu." Leo neno hilo lataja tendo la mwili wenyewe: "Nina mzio wa pweza." Maana mpya imekubalika, lakini ile ya kale haijafa. Asikiaye kwamba ana mzio wa kuvu aweza kudhani kuwa akiziepuka atakuwa salama, hali mbegu zake zimo katika hewa aivutayo. Yafaa basi kusema wazi kwamba mzio umo mwilini, si katika kuvu.

Tatizo la pili ni kihusishi *-a*, ambacho hubeba maana nyingi mno. *Dawa ya macho* huyaponya macho, bali *dawa ya mbu* huwaua mbu. Daktari asemapo kwa kifupi "kipimo cha damu cha kuvu," yeye akusudia kipimo cha mzio. Msikilizaji aweza kufahamu kwamba kuvu zimeingia katika damu. Na kwa kuwa twazoea kusema *damu chafu*, ni hatua moja tu kutoka hapo hadi kutafuta dawa ya kuisafisha damu, na kuiacha pua bila kuoshwa kwa maji ya chumvi na bila dawa aliyoandikiwa. Napendekeza tusema *kipimo cha kuangalia mzio*. Ni maneno marefu kidogo, lakini hayana njia mbili.

La tatu ni *dalili*. Neno hili hutumika kwa jambo alihisilo mgonjwa, kama vile pua kuziba, na pia kwa jambo aonalo daktari. Tukiiita tarakimu ya damu dalili, twachanganya mambo mawili yanayoweza kuachana, kwa maana damu yaweza kubadilika mgonjwa akijiona mzima. Ni bora *dalili* ibaki kwa yanayohisiwa na kuonekana, na tarakimu iitwe *kiashirio*, yaani kitu kinachoonyesha upande wa kutazama pasipo kukata shauri.

Maneno *kupanda* na *kushuka* nayo yataka hadhari. Kwa mtu mzima asiye na mzio, imunoglobulini E kwa kawaida haizidi uniti 100 hivi kwa mililita. Kwa wagonjwa hawa mara nyingi hupita 1,000. Aghalabu hushuka ugonjwa utuliapo, na ikipanda tena humwonya daktari achungulie. Lakini minyoo na kichocho, maradhi yaliyoenea katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, pia huipandisha. Vivyo hivyo pumu na mzio mwingine. Prednisoloni hupunguza eosinofili za damu kwa muda wa saa chache, hata kama sainasi hazijatulia. Na mgonjwa anayechomwa sindano za omalizumabu, dawa inayoishika imunoglobulini E, aweza kuona jumla yake imepanda hali yeye apata nafuu. Basi *kupanda* si *kuzidiwa*, wala *kushuka* si *kupona*. Tarakimu ya mtu ilinganishwe na tarakimu zake mwenyewe za zamani, si na za jirani yake.

Hata *kupona* halifai sana hapa, maana humwambia mgonjwa kwamba safari imekwisha. *Kutulia* ni bora: bahari iliyotulia bado ni bahari, na kila mvuvi ajua hivyo. Mgonjwa aweza kuambiwa hivi: "Ugonjwa wako umetulia. Kipimo cha kuangalia mzio kimepanda kuliko mara iliyopita. Hiyo ni ishara ya kutuchungulisha, si hukumu. Usiache dawa wala kuosha pua."

Haya ni mapendekezo tu. Wasomaji wanaojua maneno yaliyo bora, hasa yale yanayosemwa na wauguzi na wagonjwa wa pande zao, wanaombwa wayalete ili yapimwe pamoja na haya.