Sista Aliyefika Saa Tano na Nusu Usiku: Kiangazi cha Kuuandaa Mwili



Mwishoni mwa Agosti 2012, saa moja asubuhi, umati wa wanamichezo uliingia katika ziwa Okanagan, kwenye mji wa Penticton huko Kanada. Mbele yao kulikuwa na kilometa 3.8 za kuogelea. Baada ya hapo wangepanda baiskeli kwa kilometa 180, kisha wangeteremka na kukimbia kilometa 42.2. Yote hayo yalitakiwa kumalizika kabla ya saa sita usiku, yaani ndani ya saa 17. Atakayechelewa hahesabiwi kuwa amemaliza.

Katika umati huo alikuwamo mtawa Mmarekani, Sista Madonna Buder, mwenye umri wa miaka 82. Alivuka mstari wa mwisho yapata saa tano na nusu usiku, baada ya saa 16 na dakika 32. Hakuna mwanamke wa umri wake aliyewahi kumaliza shindano hilo la Ironman kabla yake.

Wengi wakisikia habari kama hii husema, "Huyo amezaliwa na nguvu za pekee." Lakini Sista huyu hakuwa mwanamichezo wa kulipwa. Alizaliwa mwaka 1930 katika mji wa St. Louis na akaingia utawani akiwa kijana. Alianza kukimbia akiwa na miaka 48, kwa ushauri wa padri John Topel, aliyemweleza kwamba kukimbia husaidia akili, mwili na roho kwenda pamoja. Triatloni yake ya kwanza, yaani shindano la kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo, aliifanya akiwa na miaka 52. Alikuwa akiishi Spokane, katika jimbo la Washington, na mazoezi yake mengi aliyaingiza katika shughuli za siku, kama vile kukimbia kwenda Misa.

Hebu basi tuangalie jinsi watu wa kawaida, wenye kazi na familia, wanavyoutumia msimu wa joto wa Juni hadi Agosti kujiandaa kwa siku kama ile ya Penticton. Tuangalie pia hatari zake, kwani wapo waliokwenda kwenye mashindano haya wasirudi nyumbani.

MWILI HUJENGWA KIDOGO KIDOGO

Mtu anayejiandaa kwa shindano refu hufanya mazoezi kiasi cha saa 10 hadi 15 kwa juma, pale yanapofikia kilele. Huogelea asubuhi kabla ya kazi, hukimbia jioni, na Jumamosi huendesha baiskeli kwa saa nne, tano au sita. Siku nyingine hukimbia saa mbili na zaidi. Lakini haanzi hivyo. Mwezi wa kwanza huwa wa mwendo mpole, mwendo ambao mtu anaweza kuongea na mwenzake bila kuhema. Kila juma huongeza kidogo, na baada ya majuma matatu hivi ya kuongeza, hupunguza kwa juma moja ili mwili upumzike.

Kwa nini apunguze? Yafaa tujue kwamba mazoezi yenyewe hayaongezi nguvu. Mazoezi huchosha misuli na kuipasua vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Nguvu huja baadaye, wakati wa usingizi na chakula, mwili unapotengeneza palipoharibika na kupaimarisha kuliko mwanzo. Asiyepumzika hubomoa kila siku bila kujenga. Moyo na mapafu huzoea kazi mapema, ndani ya majuma machache. Mifupa na kano huchukua miezi. Ndiyo maana mtu hujisikia ana pumzi ya kutosha, huongeza mbio kwa pupa, kisha hupata ufa kwenye mfupa wa mguu na kiangazi chake chote kikaishia kwenye magongo.

Kwa aliyepita miaka 50 jambo hili lina uzito zaidi. Misuli hupungua kwa umri, mifupa hudhoofika, hasa kwa akina mama waliokoma hedhi, na vidonda hupona polepole. Sista Madonna mwenyewe alivunjika mifupa mara nyingi katika miaka yake ya michezo. Kila mara alilazimika kusubiri apone, kisha kuanza tena chini.

JOTO LINAHITAJI MAJUMA MAWILI

Kule Spokane na Penticton mwezi Julai joto hupita mara nyingi nyuzi 30, na hewa ni kavu. Mtu aliyetoka kwenye baridi hawezi kuingia juani siku moja akafanya kazi ya saa tano. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea. Katika siku hizo maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema, na chumvi inayopotea kwenye jasho hupungua. Kwa hiyo mwenye busara huanza na muda mfupi, asubuhi au jioni, akaongeza taratibu.

Hatari kubwa ni pale joto la ndani ya mwili linapopita nyuzi 40. Dalili ya kuogopa kuliko zote ni mabadiliko ya akili: mtu anaongea ovyo, anayumba, anakuwa mkali bila sababu, au anaanguka na kupoteza fahamu. Usidanganywe na jasho. Mwanamichezo anaweza kuwa katika hali hiyo huku bado anatoka jasho. Hapo hakuna muda wa kupoteza. Mpoze kwanza pale pale, kisha mpeleke hospitali. Mtoe juani, mvue nguo nzito, mtumbukize mwili katika maji ya baridi huku kichwa chake kimeshikwa juu. Kama hakuna chombo cha kumtosha, mmwagie maji mfululizo na kumpepea. Dakika za mwanzo ndizo zinazookoa ubongo na maisha.

MAJI: KUPUNGUKIWA NA KUZIDISHA

Wote tunajua kwamba asiyekunywa maji juani ataugua. Wachache wanajua kwamba kunywa kupita kiasi kunaweza kuua. Mtu anapotoka jasho kwa saa nyingi hupoteza maji na chumvi. Akinywa maji matupu mengi kuliko anayopoteza, chumvi iliyomo kwenye damu huzimuliwa. Maji huingia kwenye chembe za mwili, na ubongo huvimba ndani ya fuvu. Huanza kwa kichefuchefu, kuumwa kichwa na kuvimba vidole, kisha kuchanganyikiwa, degedege na hata kifo.

Mwaka 2002 waganga walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza mbio za marathoni za Boston, Marekani. Kati ya kila 100, watu 13 walikuwa na upungufu wa chumvi kwenye damu, na watatu kati ya wote waliopimwa walikuwa katika hali mbaya sana. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito wakati wa mbio kwa kunywa mno, pamoja na wale waliokaa muda mrefu barabarani. Triatloni ndefu huchukua muda mrefu zaidi ya marathoni, hivyo onyo hili linaihusu moja kwa moja.

Mtu ajuaje kiasi chake? Njia ni rahisi, na kiangazi cha mazoezi ndicho wakati wa kuijaribu. Jipime uzito kabla ya mazoezi ya saa moja na baada yake, ukiwa umejifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Wengine hupoteza nusu lita kwa saa, wengine hufikia lita mbili, kwa hiyo kiasi cha jirani yako si chako. Kupungua kidogo si kosa. Ukiongezeka uzito, ujue umekunywa kupita kiasi. Kwa safari ndefu kunywa kufuatana na kiu, na kula kitu chenye chumvi.

CHAKULA CHA NJIANI

Misuli na ini huhifadhi sukari inayotosha kazi ngumu ya saa moja na nusu hadi mbili hivi. Baada ya hapo, asiyekula huishiwa ghafla: miguu inakuwa mizito, macho yanafifia na moyo unakata tamaa. Kwa hiyo, katika saa nyingi za baiskeli, mwanamichezo hula kiasi cha gramu 60 za wanga kila saa. Ndizi mbili mbivu na kipande cha mkate wenye asali hukaribia kiasi hicho. Tumbo nalo linahitaji mazoezi. Asiyewahi kula akiwa barabarani atatapika siku ya shindano. Ndiyo maana kila Jumamosi ya kiangazi ni siku ya kujaribu chakula kile kile kitakachotumika siku yenyewe.

DALILI ZA KUSIMAMA

Zipo dalili ambazo mtu wa mazoezi asizipuuze:

1. Mapigo ya moyo ya asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, yakizidi kawaida yako kwa 5 hadi 10 kwa siku kadhaa, pamoja na uchovu na usingizi mbaya, pumzika.

2. Mwanamke ambaye hedhi yake imekoma kwa sababu ya mazoezi asifurahie. Mwili unamwambia kwamba chakula hakitoshi, na mifupa yake inadhoofika. Aende kwa mganga.

3. Mkojo mweusi kama chai ya rangi au kokakola baada ya kazi ngumu ni ishara kwamba misuli imeharibika na figo ziko hatarini. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

4. Maumivu ya mfupa yanayozidi ukikimbia na kubaki hata ukipumzika yanahitaji kuchunguzwa.

5. Usimeze dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki ili umalize mbio. Mwili ukiwa umepungukiwa na maji, dawa hizo zinaweza kuumiza figo.

MOYO NA MAJI YA ZIWA

Uchunguzi uliofanywa Marekani kuhusu triatloni za mwaka 1985 hadi 2016 ulihesabu watu 135 waliokufa au ambao moyo wao ulisimama. Kati yao, 90 walipatwa wakiwa sehemu ya kuogelea. Wengi walikuwa wanaume wa umri wa makamo, na baadhi walikuwa na ugonjwa wa moyo ambao hawakuujua.

Kwa hiyo mwanamume aliyepita miaka 40, mwenye presha, kisukari, au ndugu aliyekufa ghafla, apimwe kabla ya kiangazi kuanza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia wakati wa mazoezi havipumzishwi nyumbani. Vinapelekwa kwa mganga. Na kuogelea kwa bwawa pekee hakutoshi. Ziwa lina baridi, mawimbi, na watu wanaokupiga mateke. Hofu yake izoewe mapema, polepole, na mtu asiogelee kamwe peke yake.

MAJUMA YA MWISHO

Majuma mawili au matatu kabla ya siku kuu, mazoezi hupunguzwa. Wengi huona vigumu. Wanaogopa kwamba nguvu zitapotea, wanatoka kisirisiri kukimbia mara ya mwisho. Nguvu haipotei kwa majuma mawili. Kinachopotea ni uchovu uliokusanyika tangu Juni.

Mwaka 2006, katika shindano la Kona, kisiwani Hawaii, Sista Madonna akiwa na miaka 76 alimaliza kwa saa 16, dakika 59 na sekunde 3. Zilikuwa zimebaki sekunde 57 tu. Fikiri, msomaji, ni mahali pangapi njiani angeweza kuzipoteza sekunde hizo: mwanzo wa haraka mno baharini, chakula kilichosahauliwa kwenye baiskeli, kiatu kipya kilichochubua. Mambo madogo kama hayo hurekebishwa miezi ya mazoezi. Siku ya shindano huwa tumeshachelewa.

Huenda wewe hutaingia kamwe katika triatloni. Lakini unalima juani, unapandisha mlima kwa baiskeli yenye mzigo, au unajiandaa kwa hija ya miguu. Mwili wako unafanya kazi kwa kanuni zile zile. Anza kidogo, ongeza polepole, zoea joto kabla ya kazi kubwa, kunywa kwa kiasi, kula njiani, lala usingizi wa kutosha. Na kama umri umekwenda, usiseme umechelewa. Sista alianza akiwa na miaka 48, kwa hatua chache za kwanza.

Tuonane mwezi ujao. Jitunzeni.