Mwanao akiomba pesa za vifaa vya kukwea miamba, muulize upana wa ufa

Ujumbe huingia kama saa kumi alfajiri, maana huko Utah, Marekani, bado ni jioni ya jana. "Shikamoo mama. Wikiendi ijayo tunaenda jangwani kukwea. Naomba uniongezee kidogo ninunue kamu namba 6." Chini yake kuna picha: ukuta mwekundu uliosimama wima, katikati ufa ulionyooka kama umekatwa kwa msumeno, na ndani ya ufa mtu ameingiza mguu mzima na bega moja.

Kuna wazazi watakaopiga simu hapo hapo kugombeza, na wengine watatuma pesa ili yaishe. Lakini kijana wa chuo aliye ng'ambo hazuiliki kwa kugombezwa, na pesa iliyotumwa bila swali inaweza kununua kifaa kisichofaa. Mzazi akikielewa kidogo kifaa chenyewe, anaweza kuuliza maswali mawili matatu ambayo hata mkweaji mzoefu atayaheshimu.

Picha nyingi za namna hiyo hutoka Indian Creek, bonde lililo kusini mwa mji wa Moab. Kuta zake ni za mwamba wa mchanga uitwao Wingate, na nyufa zake zinajulikana kwa jambo moja: pande mbili za ufa huenda sambamba, upana ule ule, mita baada ya mita.

Kwingineko, hasa kwenye mwamba mgumu wa granaiti, ufa hubana na kuachia. Mkweaji huchomeka kipande cha chuma juu ya mahali unapobana, na kamba ikivutwa hakitoki. Indian Creek mara nyingi hakuna pa kubana. Mwaka 1976, Earl Wiggins, Ed Webster na Bryan Becker walipokwea kwa mara ya kwanza ufa ulioitwa Supercrack of the Desert, walitegemea vipande vya aluminiamu vya pembe sita. Mwaka 1978 ndipo kifaa alichobuni Mmarekani Ray Jardine kilipoanza kuuzwa kutoka Uingereza, kwa jina la Friend. Hicho ndicho babu wa kamu za leo.

Kamu ya kawaida ina vipande vinne vya aluminiamu vilivyopinda. Ukivuta kwa vidole, vipande hujikunja, unaiingiza ufani, ukiachia, springi huvifungua mpaka viguse pande zote mbili. Kamba hupita kwenye karabina inayoning'inia chini yake. Mkweaji akianguka, mvuto wa kamba huvifanya vipande visukume mwamba kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kadiri inavyovutwa ndivyo inavyong'ang'ania. Hufanya kazi hiyo ndani ya upana iliotengenezewa tu. Nje ya hapo ni pambo la kiunoni.

Ufa wa vidole, wa kiganja na wa ngumi una namna zake za kushikika. Shida huanza unapozidi ngumi, kama sentimita 10 kwenda juu: mpana mno kwa ngumi, mwembamba mno kwa mwili mzima. Mtu hupanda kwa kiwiko, goti na bega, akihema, ngozi ikichunika. Mwaka 2011 Waingereza wawili, Tom Randall na Pete Whittaker, walikwea Century Crack, ufa mpana unaopita chini ya paa la mwamba huko huko Utah. Kabla ya hapo walikuwa wamefanya mazoezi kwa miaka miwili kwenye nyufa za mbao walizojenga ndani ya chumba cha chini ya nyumba, mjini Sheffield. Vijana huipenda sana hadithi hiyo, ila ile sehemu ya miaka miwili huisahau.

Sasa swali la kwanza la mzazi: ufa mnaokwenda kuukwea una upana wa milimita ngapi? Si "namba ngapi", kwa sababu namba hazilingani kwa watengenezaji wote, hasa kwa vifaa vya zamani. Swali hilo hilo linamfaa pia aliye na kijana anayekwea Hell's Gate, karibu na Naivasha, ingawa mwamba wa kule ni wa volkano.

Chukua mfano wa kamu za Black Diamond, ambazo wengi wanazo. Namba 5 hufunguka kutoka milimita 85 hadi karibu 149. Namba 6 hutoka 114 hadi 195. Ufa ukiwa na milimita 140, zote mbili zinaingia kwa maandishi ya kwenye boksi. Lakini namba 5 hapo imefunguka karibu mwisho wake: ikitikisika kidogo, vipande havina nafasi ya kufunguka zaidi, na inaweza kuchomoka. Namba 6 bado ina akiba kubwa. Kijana anayesema "hata namba 5 inafika" amesoma boksi, hajaelewa kifaa.

Swali la pili ndilo zito zaidi: mnazo ngapi za upana huo? Ufa ukiwa na upana uleule kutoka chini hadi juu, mkweaji anahitaji kamu nyingi za saizi moja, wala seti yenye moja ya kila saizi haimsaidii. Kamu moja kubwa bei yake huzidi dola 100 za Marekani, na namba 6 ina uzito wa zaidi ya nusu kilo. Tano zikining'inia kiunoni hugongana kama masufuria ya mama ntilie anayehama kibanda. Hapo ndipo kishawishi huingia: mkweaji anabeba moja au mbili na kuisogeza ile moja juu kila anapopanda, bila kuacha nyingine nyuma.

Ukiwa umetulia, njia hiyo huonekana ina akili, kwa sababu kamu iko usoni kila wakati. Lakini ile moja ikichomoka, kinachobaki ni kifaa cha mwisho kilichoachwa chini. Kikiwa mita 5 chini ya kiuno, mtu ataanguka mita 10, na zaidi, kwa kuwa kamba nayo hunyumbuka. Akiwa bado karibu na ardhi, kamba haitawahi kumshika.

Ndiyo maana jibu zuri kwa ombi la pesa mara nyingi si kununua. Wakweaji wa Indian Creek wamezoea kukusanya kamu zao pamoja: huyu ana mbili, yule ana tatu, wanazitia alama za utepe wa rangi ili zisipotee. Kijana anayekwenda na watu wanne wenye vifaa vyao yuko salama kuliko aliyenunua namba 6 moja mpya akaondoka na rafiki asiye na kitu.

Kwa nyufa pana zaidi kuna bomba la aluminiamu liitwalo Big Bro, alilobuni Craig Luebben alipokuwa mwanafunzi wa uhandisi. Huwekwa kwa kulala kati ya pande mbili, springi hulirefusha, kisha kola huzungushwa kulifunga. Ni jepesi kwa upana wake, na nyufa za pande sambamba ndizo zinazolifaa. Ila linataka mkono uliotulia, na goti la mkweaji likiligonga linaweza kuhama. Si kifaa cha kujifunzia ukiwa juu. Kijana alizoee kwanza akiwa amesimama chini.

Vifaa vya mitumba vinahitaji jicho kali. Chuma hudumu, lakini ukanda wa kitambaa ulioshonwa kwenye kamu huchakaa kwa jua na umri, na watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10 hata kama haukutumika. Kijana atafute alama ya CE na mwaka wa kutengenezwa, ajaribu springi, aangalie kama vipande vyote vinarudi sawasawa. Muuzaji asiyejua kifaa chake kina umri gani aachwe na kifaa chake.

Pesa ndogo zina kazi kubwa pia: vikinga magoti, suruali nzito, shati la mikono mirefu, viatu vinavyofunika vifundo, utepe wa kufunga mikono, na helmeti. Maji nayo, kwani kambi za Indian Creek hazina ya kunywa, na mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Hospitali iko mbali kwa gari. Bima ya chuo isomwe kabla ya safari kujua kama majeraha ya kukwea yamo.

Limebaki swali moja ambalo halihitaji kujua kifaa chochote: mvua ilinyesha lini? Mwamba wa mchanga ukilowa hupoteza nguvu, na kamu iliyowekwa vizuri kabisa inaweza kumega ukingo wa ufa na kutoka. Uso wa mwamba hukauka kwanza na kudanganya macho, wakati ndani bado kuna unyevu. Wenyeji hufukua mchanga chini ya ukuta kwa mkono; ukiwa na unyevu, hawakwei siku hiyo. Kawaida husubiri siku moja hadi tatu.

Kwa hiyo jibu likiwa "ilinyesha jana usiku", basi hata pesa za namba 6 zinaweza kungoja hadi mwisho wa mwezi.